Meta Quest 3 kwa utafiti wa uzamivu: nzuri, ila haifuatilii macho

Kwa mwanafunzi wa uzamivu Nairobi anayechunguza jinsi watu wanavyohusiana na binadamu pepe (mtu aliyechorwa na kompyuta), miwani hii ya uhalisia pepe ya mwaka 2023 ndiyo tungeichagua kwanza. Ina uzito wa gramu 515, haihitaji kompyuta, na kamera zake hufuatilia mwendo wa mshiriki. Basi unaweza kupima umbali anaoacha kati yake na binadamu pepe. Mtafiti wa uhalisia pepe Jeremy Bailenson na wenzake walipopima hivyo, matokeo yao ya 2003 yalionyesha kuwa watu humwachia nafasi zaidi binadamu pepe anayeendeshwa na kompyuta akiwatazama machoni.

Lakini haina vihisi vya macho. Kama swali lako ni mshiriki alitazama wapi, usiinunue. Mwelekeo wa kichwa hautoshi.

Betri hudumu saa mbili hivi: washiriki watatu wa nusu saa, kisha chaji. Stima ikipotea, pawabenki huokoa ratiba. Rekebisha umbali kati ya lenzi mbili kwa kila mtu, la sivyo picha hufifia, kichwa humuuma, nawe utadhani binadamu pepe ndiye aliyemchosha. Mwenye rasta, legeza mkanda kabla ya kumvisha. Jua lisipige lenzi, huunguza skrini.

Kazi ngumu kabisa ni mazungumzo. Watu hupokezana zamu kwa pengo la takriban sekunde 0.2, lakini mfumo unaotuma sauti kwenye intaneti ili binadamu pepe ajibu huchelewa, na Kiswahili kilichochanganyika na Sheng huuvuruga. Afadhali urekodi majibu ya binadamu pepe mapema, mtafiti ayachague akiwa chumba cha pili.