Kabla Hujaenda Kwenye Shoo ya D.R.I., Sikiliza Mkono wa Spike Cassidy

Usipite, ndugu yangu! Kama una tiketi ya D.R.I. (Dirty Rotten Imbeciles), ile bendi ya Marekani, mkononi, video hii ni yako. Kuna maneno yananiudhi kila bendi hii inapotajwa: "Walikuwa panki wakali, halafu wakauza roho kwa metali." Yaani eti waliiacha panki, roki chafu ya kasi, wakakimbilia metali, roki nzito ya magitaa. Jamani, hapana. Leo tunaliweka sawa.

Historia mnaijua: Houston, Texas, 1982, Kurt Brecht kwenye maiki, Spike Cassidy kwenye gitaa. Naruka. Twende kwenye sauti yenyewe.

Hii hapa, kazi yao ya 1983, Dirty Rotten EP. Ilitoka kwenye santuri ya inchi saba, na ndani yake kuna nyimbo 22. Ishirini na mbili! Santuri ndogo hivyo kwa kawaida hubeba wimbo mmoja kila upande. Ukiitafuta ile ya mwanzo, jiandae, wakusanyaji wanaibania na bei yake inauma. Lakini nyimbo zilezile zilitolewa tena kwenye sahani ya inchi 12, chukua hiyo na hujapoteza kitu.

Sasa nina gitaa hapa, tazameni mkono wangu wa kulia. Hivi ndivyo hadikoo ya zamani, ile panki ya kasi kabisa, inavyopigwa: juu-chini-juu-chini, nyuzi zimeachwa zivume, hakuna kupumua. Mnasikia? Ni ukuta mmoja wa kelele. Naupenda sana, lakini masikio yanauzoea haraka.

Ngoja nisogeze kamera. Laza ukingo wa kiganja juu ya nyuzi, pale karibu na daraja la gitaa. Usikandamize sana, sauti itakufa. Sasa piga uzi mnene, chini tu: jgu, jgu, jgu-jgu. Umeona? Kila pigo limesimama peke yake, lina kifua. Mbinu hii ni ya watu wa metali, na kwenye albamu ya Crossover ya 1987 Spike anaipiga kana kwamba alizaliwa nayo. Albamu ile ina nyimbo 12. Miaka miwili kabla yake, albamu yao Dealing with It! ilikuwa na 25! Kwa hiyo kila wimbo ukapata nafasi ya kuanza taratibu, kujikusanya, ndipo Felix Griffin anaachia dramu. Narudia kwa mwendo wa pole... jgu, jgu... halafu, twende! Juu-chini-juu-chini, ule mkono wa 1983 umerudi! Haukwenda popote. Kasi ile ile, ila sasa inatokea mahali, ndiyo maana inakugonga. Na jina la albamu hiyo likaishia kushika kwa aina nzima ya muziki.

Mtaniuliza kuhusu bendi ya Suicidal Tendencies. Nao walitoka kwenye panki wakaelekea kwenye metali, na wapiga gitaa wao wana vidole vya ajabu, siwanyimi haki. Bendi nyingine, Corrosion of Conformity, wao walikwenda mbali zaidi: ukisikiliza albamu yao Blind ya 1991, hadikoo utaitafuta kwa tochi. D.R.I. ndio walioshika pande zote mbili bila kuachia.

Ingawa, nikiiweka albamu ya D.R.I. ya 1989, Thrash Zone... hmm. Mkono ni safi mno. Kuna sehemu natamani ule uchafu wa mwanzo, natamani Kurt aongeze pumzi kidogo kuliko gitaa. Si mbaya, nyimbo zake zikipigwa jukwaani huwa nzito kuliko kwenye rekodi. Ila kwa kusikiliza nyumbani, nachagua Crossover bila kufikiri. Na ukitaka kuthibitisha kwamba kasi haijawatoka, kuna rekodi yao fupi ya 2016.

Kwa mnaosubiri kipindi cha besi, kinakuja, nimeshaanza kukirekodi. Bonyeza kengele.

Ukifika ukumbini, vaa viziba masikio, vya bei ndogo vinatosha. Usisimame mbele ya spika za besi, zitakumezea gitaa lote. Simama katikati, karibu na fundi mitambo, kisha mtazame Spike kiganja. Kikilala kwenye nyuzi, watu mbele yako watafungua duara la kukimbia na kugongana. Kikiinuka, shika miwani yako! Niandikie chini hapa: wakianza, unataka wafungue na za 1983 au za 1987?