Uzoefu wangu na tupa ya chensoo ya "mbili kwa moja"

Kazi yangu ni kuangusha miti na kukata magogo, misindano na milingoti, kwenye mashamba ya watu binafsi huku Mufindi. Mashine ninayotumia ni chensoo ya Stihl MS 381 yenye upanga (lile bamba refu ambalo mnyororo unalizunguka) wa inchi 20, na kwa mashine sina neno. Ninachotaka kukizungumzia ni kifaa cha kunolea mnyororo kinachoitwa mbili kwa moja, kinachouzwa na Stihl na pia na Pferd, wote wa Ujerumani. Bei yake ni mara kadhaa ya tupa ya kawaida. Kwangu mimi imelipa.

Zamani minyororo nilikuwa napeleka mjini kwa fundi mwenye jiwe la umeme. Kazi inaisha haraka, lakini jiwe lile lilikuwa linakula chuma bila huruma. Unarudishiwa mnyororo meno yamepungua, na mengine nchani yana rangi ya bluu. Ukiona bluu hiyo ujue chuma kimeungua: jino kama hilo halikai na makali, na mara nyingine linakuwa gumu mpaka tupa inateleza tu juu yake. Halafu kuna usafiri. Ukiwa shambani, gari la mjini unalisubiri mpaka lijae magogo.

Kifaa chenyewe ni fremu yenye vishikio viwili, ndani yake kuna tupa tatu: mbili za mviringo na moja bapa. Unaposukuma, ya mviringo inanoa jino, na wakati huohuo ile bapa inapunguza nundu iliyo mbele ya jino. Siri yote iko hapo kwenye nundu. Wengi wetu tunanoa jino tu na nundu tunaiacha kama ilivyotoka kiwandani. Lakini mgongo wa jino umeinama kwenda nyuma, kwa hiyo kila unaponoa jino linazidi kuwa fupi kwenda juu, mpaka linalingana na nundu na haliufikii mti tena. Ndipo unamsikia mtu akilalamika, "Nimenoa sasa hivi na bado haikati!" Anaanza kuikandamiza mashine, klachi inachemka, mafuta yanaisha, na mwishowe lawama anapewa kabureta. Kwa mnyororo wa saizi ya inchi 3/8, jino linatakiwa liizidi nundu kwa milimita 0.65 hivi. Hakuna jicho la kupima kitu hicho, labda uwe na geji. Hiki kifaa kinakupimia chenyewe.

Mimi nachanja kisiki, nachomeka upanga humo usicheze, nakaza mnyororo kidogo na kufunga breki. Mshale ulio kwenye fremu unaelekea upande mnyororo unakokimbilia. Mistari iliyochorwa juu yake unailinganisha na upanga, na hapo umepata pembe ya kunolea ya nyuzi 30 bila kubahatisha. Unasukuma kutoka ndani ya jino kwenda nje, na ukirudi unainua, usiburuze. Mnyororo wa upanga wa inchi 20 kwenye mashine hii una meno 36, yaani 18 kila upande. Namaliza ya upande mmoja yote, nageuza fremu, nahamia upande wa pili. Kila jino nalinoa kwa misukumo ileile, maana upande mmoja ukiwa na makali kuliko mwingine mashine inakata kwa kupinda, na kwenye gogo nene la mlingoti upanga unaweza kubanwa. Nikiwasha naangalia kinachotoka: vikiwa vipande vipana kama vya randa, nimemaliza, ukiwa unga, kuna meno nimeyaruka.

Kwa kawaida nanoa kila ninapojaza mafuta, misukumo miwili au mitatu tu. Magogo yaliyoburuzwa kwenye udongo ni habari nyingine, maana mchanga uliojificha kwenye magome unamaliza makali ndani ya dakika chache. Na nikishanoa naugeuza upanga juu chini ili usilike upande mmoja, nakwangua mfereji wake na kitundu cha oili. (Wanaotia oili chafu ya gari kulainishia mnyororo, ile ina vumbi la chuma ndani yake. Pampu ya oili haitawashukuru.)

Kabla hujatoa hela, angalia saizi. Kila saizi ya mnyororo ina kifaa chake. Kwenye mnyororo wa Stihl utaona namba ndogo imechongwa kwenye nundu: 3 ni mnyororo wa 3/8 na tupa yake ni milimita 5.2, 2 ni wa inchi .325 na tupa yake ni milimita 4.8. Kijana wangu ana mashine ndogo ya .325, kwa hiyo hawezi kuazima changu. Jino lililogonga jiwe au msumari nalo ni bora ulianze kwa tupa ya kawaida, kwa sababu lina kazi kubwa ya kuondoa chuma.

Jihadhari pia na za kuigiza. Nilishika moja dukani, tupa bapa imekaa chini kuliko inavyotakiwa. Ile ingekula nundu kupita kiasi, na mnyororo wa namna hiyo unauma mti kwa pupa, mashine inaruka na inaweza kukurudia usoni. Niliirudisha kwenye kaunta. Tupa za ndani zikiisha makali huhitaji kununua kifaa kizima, zinauzwa peke yake. Za mviringo zinachakaa mapema kuliko ile bapa.

Wenzangu mnaopasua mbao kwa chensoo, msikinunue kwa kazi hiyo. Mnyororo wa kupasulia unanolewa kwa nyuzi 10 hivi, na fremu hii imechorewa 30. Nyie bakini na tupa ya mviringo na geji ya nundu.