Haibridi au umeme mtupu Mwanza? Uliza kwanza betri inapozwa na nini

Malalamiko yanafanana: mtu kaagiza Nissan Leaf ya zamani, gari la umeme mtupu, kutoka Japani, imefika inang'aa, miezi miwili baadaye haimpeleki Magu na kumrudisha mjini. Ni takriban kilomita 120 tu. Viti vya ngozi na kamera ya nyuma havisaidii hapo. Joto ndilo linalozeesha betri, na hakuna anayeuliza linatokaje.

Kwenye Leaf linatoka lenyewe. Nissan walipoanza kuiuza mwishoni mwa 2010 walibana gharama: betri kuu ikafungwa chini ya sakafu, bila feni wala maji. Tesla, ambao hawakuwa na kiwanda cha injini cha kukihurumia, walizungusha maji ndani ya betri tangu gari lao la kwanza. Toyota wakaenda mdogomdogo: Prius ya 1997 ni haibridi, yaani ilibaki na injini ya petroli ikisaidiana na mota ya umeme, na betri yake ndogo ikapozwa kwa hewa ya humohumo ndani ya gari.

Kwa hapa Mwanza namba moja ni haibridi ya Toyota, Aqua au Prius, na upendeleo huo sifichi. Inachaji yenyewe, na fundi wa kuifungua yupo. Ugonjwa wake ni tundu la feni lililo kwenye kiti cha nyuma. Ukiliziba kwa kiroba cha dagaa, betri inakosa hewa. Vumbi la Buswelu nalo linaziba chujio, feni inaanza kuvuma, mwisho inawaka pembetatu nyekundu kwenye dashibodi. Kabla ya kulipa, mwambie fundi atoe chujio mulione. Likiwa limeshonana kama blanketi, betri imeishi kwenye joto. Shusha bei au ondoka. Na usikubali kuambiwa "tumebadilisha seli moja tu". Aqua ya kizazi cha kwanza ina moduli (vifurushi vya seli) 20, na 19 zilizobaki zina uzee uleule.

Ya pili ni Leaf yenye betri ya kilowati-saa 40, iliyotoka 2017. Ile ya 24 ni ya humuhumu jijini, Nyegezi hadi Igoma na kurudi, basi. Kwenye dashibodi kuna vijiti 12 vya afya ya betri; kikipungua kimoja, takriban asilimia 15 imeshaondoka. Lakini wapo wauzaji wanaofuta kumbukumbu ya kompyuta ili vijiti vyote virudi, na baada ya wiki chache vinaanza kudondoka tena. Dawa ni kujaza chaji, kuendesha hadi ibaki asilimia 30 na kuhesabu kilomita. Ukiwa na kifaa cha OBD cha bluetooth (kinachosoma kompyuta ya gari) na programu ya simu ya LeafSpy, tazama seli chaji ikiwa chini: mbovu inajitenga na wenzake.

Nyumbani usichomeke waya wa Kijapani wa ampia 15 kwenye soketi ya ampia 13. Inaweza kuyeyuka usiku mmelala. Weka soketi ya bluu ya ampia 16, waya wa milimita za mraba 4, breka yake peke yake na ethi ya kweli. Na bei nafuu ya LUKU ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi utaiaga.

BYD na Tesla zina betri bora kuliko zote hizi, ila Mwanza utamwita nani zikizima? BYD iliyotengenezwa kwa soko la China huja na usukani kushoto, menyu ya Kichina na plagi ya kwao. Mitsubishi i-MiEV ya kilowati-saa 16 ni rahisi, na ndiyo sifa yake pekee.

Kinachoudhi zaidi ni picha za matangazo: rimu nne, buti, hata zulia, dashibodi imezimwa. Dai picha gari likiwa limewashwa, vijiti na kilomita vikionekana, tena ya leo. Muuzaji akianza kusema betri ya simu yake imeisha, mwache akachaji.