Duka la tamthilia, Ngamiani: huduma nzuri, nyumba za ajabu

Duka hili dogo la kurushia tamthilia kwenye flashi, lililopo Barabara ya 12, Ngamiani, linafanya kazi haraka na picha zake ni safi. Sifa yake kubwa, hata hivyo, ni mwenye duka, ambaye hakurushii tamthilia kabla ya kukueleza kama wahusika wake wangemudu kweli nyumba wanazoishi. Kuhusu Friends, tamthilia ya vichekesho ya Marekani, alikuwa makini: Monica ni mpishi na Rachel anaanza kama mhudumu wa mgahawa, lakini nyumba yao ya Manhattan, New York, ilikuwa ya bibi yake Monica na kodi yake inadhibitiwa kisheria isipande ovyo, kwa hiyo angalau maelezo yapo, ingawa kuendelea kuishi humo kwa mkataba wa bibi ni ujanja mtupu. Tamthilia zetu hazijisumbui hata kwa hilo. Kijana asiye na kazi anaamka kwenye ghorofa lenye marumaru na geti la umeme, wakati hapa Tanga mwalimu anayepanga chumba na sebule anaweza kudaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, achilia mbali ya dalali. Flashi nenda nayo. Zinazouzwa pale ni ghali.