Walinizima maiki katikati ya shambulio: uzoefu wangu wa vita vya mezani kupitia intaneti

Niseme mapema kwamba naandika nikiwa bado na hasira, na sikutaka ipoe kwanza. Hasira ikishapoa mtu huanza kujiuliza kama labda hakuelewa, na mimi nilielewa vizuri sana. Jina la huduma siliweki hapa. Naweka walichonifanyia.

Kwa ambaye hajawahi kucheza: askari wamepangwa juu ya meza ya mtu mwingine, wewe uko mbali, unaona kupitia kamera. Unasema, "Batalioni ya tatu isogee inchi sita kuelekea ule ua," na mkono usio wako unaisogeza. Dadu zinarushwa na mkono huohuo. Sizungumzii zile programu ambazo meza nzima imo ndani ya kompyuta, kama Tabletop Simulator au Vassal. Hizo nimecheza na zina faida yake: unavuta kipande mwenyewe, rula iko kwenye skrini, hakuna wa kubishana naye. Lakini mimi napenda vinyago vyenyewe, vilivyopakwa rangi na mtu aliyekesha navyo, na vilima vilivyotengenezwa kwa mikono. Ndiyo maana nilijiunga na hawa. Wao wana meza, wana vinyago, wana mwamuzi. Wewe unaleta akili yako na sauti yako tu. Sauti. Kumbuka neno hilo, nitalirudia.

Mchezo wenyewe ulikuwa vita vya Quatre Bras, njia panda katika Ubelgiji ya leo, tarehe 16 Juni 1815, siku mbili kabla ya Waterloo, vita vilivyommaliza Napoleon. Nilipewa nafasi ya Marshal Ney upande wa Wafaransa. Nilifurahi kupita kiasi, maana nimesoma habari za siku ile kwa miaka. Ney anatakiwa kuiteka njia panda huku Napoleon akipigana na Waprusia kule Ligny, na kila saa inayopita inamwongezea askari Wellington, jemadari wa Waingereza na washirika wao. Ni vita vya kukimbizana na muda, na kwenye meza vinanoga kuliko Waterloo yenyewe.

Na meza ilikuwa nzuri, sitawanyima haki yao. Msitu wa Bossu upande mmoja, shamba la Gemioncourt katikati, barabara ikipanda mpaka njia panda. Vinyago vilikuwa vya urefu wa milimita 15, ambavyo kwenye video ni hatari, kwa sababu picha ikipungua ubora unaona madoa ya rangi tu. Wao walilitatua hilo kwa kubandika namba, kubwa za kusomeka, ukingoni mwa kila kibao ambacho vinyago vimesimamishwa juu yake. Wazo dogo, lakini usipolifanya utapoteza nusu ya mchezo ukiuliza "yule ni nani?". Kulikuwa na kamera moja juu ya meza ikitazama chini moja kwa moja, na simu ya mwamuzi ambayo alikuwa akiishusha mpaka usawa wa macho ya kinyago unapouliza kama kikosi chako kinamwona adui. Siku ile ya 1815 mashamba yalikuwa na nafaka ndefu ya kuficha watu wazima, kwa hiyo swali la nani anamwona nani halikuwa la mapambo. Saa mbili za mwanzo nilikuwa natabasamu peke yangu mbele ya skrini. Kichwani nilishaanza kutunga maoni ya nyota nne, pengine tano.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Wanaojua vita hivi wanamjua Kellermann, jenerali wa wapanda farasi wa Kifaransa. Ney alimtuma na wapanda farasi wenye deraya, brigedi moja tu, dhidi ya jeshi lililokuwa linazidi kukua. Rejimenti ya 69 ya Waingereza ilikamatwa kabla haijakamilisha mraba wake, yaani kujipanga pande nne huku singe zikitazama nje, ikakatwakatwa na kunyang'anywa bendera. Askari wa miguu waliojipanga mraba farasi hawawawezi. Waliojipanga mstari wamekwisha. Vita vizima vya wakati ule viko hapo, katika dakika ile ya kuuliza kama wamewahi kujikunja au hawajawahi.

Na mimi nilikuwa nimeipata dakika hiyo. Kwa zamu kadhaa nilikuwa nimewaficha wapanda farasi nyuma ya mwinuko, nikawavumilia Waingereza wakipita, nikapoteza mizinga miwili kwa sababu ya kusubiri. Kikosi cha adui kikatoka kimejipanga mstari, ubavu wazi. Nikatangaza shambulio. Kanuni tulizokubaliana zilikuwa na sharti moja: nikifika ndani ya umbali wa shambulio, yeye lazima arushe dadu kujua kama amewahi kujikunja mraba, tena kwa alama ngumu. Nisipofika, anajikunja bila shida.

Mwamuzi akainama na tepu. Mgongo wake ukaziba kamera ya juu. Aliponyanyuka akasema, "Hujafika. Nusu inchi." Lakini tepu alikuwa hajaiondoa bado, na mimi niliiona. Alikuwa amepimia ukingo wa nyuma wa kibao changu. Kanuni zinasema ukingo wa mbele kwa ukingo wa mbele, na kibao cha wapanda farasi kina urefu wa zaidi ya inchi moja kutoka mbele hadi nyuma. Kwa hiyo nilikuwa nimefika, na ziada juu. Wala hii haikuwa pembeni mwa meza, ambako kamera ya juu huwa inavilaza vitu virefu kuelekea nje na macho yanadanganyika. Ilikuwa katikati kabisa, chini ya kamera, mahali ambapo picha haina ubishi.

Nikasema kwa adabu, "Samahani mwamuzi, nadhani umepimia ukingo wa nyuma."

Hapo kuna jambo la kiufundi ambalo anayecheza kwa mbali analijua. Sauti inachelewa kidogo. Wewe unaona amenyamaza, unaongea, kumbe kwake ameshaanza sentensi nyingine, basi unasikika kama mtu anayemkata kauli. Nalijua hilo, ndiyo maana nilisubiri nikarudia. Akajibu, "Nimeshapima." Nikasema, "Naomba uiweke tepu tena, sote tuone kwenye kamera ya juu." Haikuhitaji hata nusu dakika.

Akasema: "Ukitaka kupima, njoo upime mwenyewe."

Njoo upime mwenyewe! Kwa mtu aliyelipia huduma ambayo maana yake nzima ni kwamba hawezi kuja. Nilikuwa bado natafuta neno la kujibu nilipoona ile alama nyekundu ya maiki kwenye jina langu. Alinizima. Nikabonyeza kuiwasha, mfumo ukakataa, kwa sababu yeye ndiye mwenye chumba. Nikaandika ujumbe kwenye sehemu ya maandishi. Hakuusoma, maana simu yake ilikuwa ndiyo kamera. Nikapunga mkono mbele ya kamera yangu. Wenzangu walikuwa wanatazama meza, nani atatazama uso wangu?

Na mchezo ukaendelea. Hicho ndicho kinachoniuma mpaka sasa. Nilikaa nikitazama farasi wangu wakisimamishwa hatua moja mbele ya mstari wa askari wa miguu, mstari ukajikunja mraba bila kurusha dadu yoyote, bunduki zikapigwa, dadu zikarushwa kwa niaba yangu, na vibao vyangu vikaondolewa kimoja kimoja na mkono uleule ulionizima. Zamu nzima ikapita nikiwa bubu. Maiki iliporudishwa hakuna aliyeniambia kitu. Aliuliza tu, "Ney, amri zako?"

Kuna watu wataniambia ni mchezo tu. Hapana. Kwenye meza ya ana kwa ana mwamuzi akikosea unasogea, unanyoosha kidole, mchezaji mwenzako anachungulia, mnapima tena, mnaendelea. Mwili wako uko pale. Kwa mbali huna mwili. Macho yako ni kamera ya mwamuzi, mikono yako ni mikono yake, dadu zako ziko kiganjani mwake. Kimebaki kitu kimoja tu ambacho ni chako. Akikuondolea hicho hujabaki mchezaji, umekuwa mtazamaji anayelipa.

Na mtindo huu si mgeni kiasi cha kusema bado watu wanajifunza adabu zake. Mwaka 1824 ofisa wa mizinga wa Prussia, Georg von Reisswitz, alitoa kanuni za mchezo wa vita juu ya ramani ya kipimo cha 1:8000, ambamo wachezaji walimpa mwamuzi amri, na yeye ndiye aliyeamua wanachokiona na kinachowapata. Mwamuzi alijua yote, wachezaji walijua sehemu. Yaani miaka mia mbili sasa tumejua kwamba mchezo wa namna hii unasimama juu ya mtu mmoja, na mtu huyo lazima asikilize. Anaweza kukataa ombi lako. Anaweza kusema "nimesikia, uamuzi unabaki". Ningemeza. Lakini asikie kwanza!

Kwa hiyo nyota moja. Nilishaiandika.

Halafu nikakumbuka habari ya d'Erlon, jenerali aliyekuwa chini ya Ney, na hapo ndipo ninapokwama. Siku ile ya 1815 jeshi la d'Erlon, watu kama 20,000, lilitembea huku na huko kati ya Quatre Bras na Ligny kwa sababu ya amri zilizogongana, na halikupigana kwa maana halisi upande wowote. Kwenye mchezo wetu d'Erlon alikuwa mchezaji mwingine, katika chumba kingine cha sauti, hatusikiani. Barua zangu kwake zilipita kwa mwamuzi, na mwamuzi alizichelewesha kwa kadiri ya umbali wa barabara. Nilimwandikia "rudi kwangu upesi" na sikujua kama imefika. Aliniandikia "nimeitwa na Kaizari Napoleon, nifuate amri ya nani?" na mimi niliipata akiwa ameshageuka. Nilisikia tumbo likinikata. Miaka yote niliyosoma habari hiyo nilimlaumu d'Erlon, na kwa mara ya kwanza nikahisi ilivyokuwa. Hakuna meza ya ana kwa ana inayoweza kukupa hilo, kwa sababu mezani kila mtu anamwona kila mtu. Kucheza kwa mbali ndiko kulikonipa, na aliyelipanga kwa ustadi ule ni mwamuzi yuleyule. Siwezi kumsamehe, na siwezi kusema hajui kazi.

Basi nikafuta nyota moja nikaandika tatu.

Zikadumu mpaka aliyekuwa Wellington aliponiandikia faraghani. "Kaka," akasema, "hata kwangu ilionekana umefika. Nilikuwa nataka kusema, nikaona umenyamaza, nikadhani umekubali." Nilisoma sentensi hiyo nikasimama kutoka kitini. Mpinzani wangu mwenyewe, mwenye faida ya kosa lile, alikuwa tayari kunipa haki yangu, na alinyamaza kwa sababu mimi nilinyamazishwa! Simlaumu hata kidogo, yeye ni mwungwana. Lakini tazama alichokiharibu mtu mmoja kwa kitufe kimoja: wachezaji wawili waliokuwa wanakubaliana walifanywa waonekane hawana la kusema.

Niliwaandikia wenye huduma. Sikudai pesa. Niliomba mambo mawili: mwamuzi asiwe na uwezo wa kumzima mchezaji maiki wakati kipimo kinabishaniwa, na kila kipimo cha shambulio kifanywe tepu ikiwa imelala wazi chini ya kamera ya juu, mkono ukiwa umeondolewa, ili picha ikamatwe. Walinijibu kwa mstari mmoja kwamba uamuzi wa mwamuzi ni wa mwisho. Sikuuliza habari ya uamuzi wa mwisho. Niliuliza habari ya maiki.

Kama unafikiria kujiunga na huduma yoyote ya namna hii, usihangaike kuuliza wana kamera gani. Uliza ni nani anayeshika kitufe cha sauti, na kama dadu zinarushwa ndani ya trei inayoonekana muda wote. Uliza kama unaruhusiwa kudai kipimo kirudiwe mara ngapi kwa mchezo. Wakikuona msumbufu kwa kuuliza hayo, umeshapata jibu lako kabla ya kulipa.

Nyota mbili, basi. Tatu kwa meza na barua za d'Erlon, toa moja kwa ajili ya farasi wangu. Nikisoma tena naona hata mbili ni nyingi, na kesho huenda nikaziona chache. Watachezesha Ligny hivi karibuni, na nimeomba nafasi upande wa Waprusia, kwa sharti kwamba mwamuzi awe mwingine. Bado hawajanijibu.