Vidonge vya "kuamsha seli za NK": nimevitumia siku 30, lebo ndiyo iliyonishinda

Chupa hii ya vidonge 60 niliinunua kwa shilingi 78,000 katika duka la dawa lililo karibu na kazini kwangu, Dar es Salaam, baada ya mafua kunirudia mara tatu ndani ya miezi miwili. Jina lake silitaji, kwa sababu bidhaa nyingi za aina hii hubeba dai lilelile lililonivutia: kwamba huamsha seli uaji asilia, yaani NK, ambazo ni chembe za kinga ya mwili, ili ziangamize virusi. Ndani mna unga wa uyoga, zinki na vitamini C, lakini kinachouzwa hasa ni dai hilo, na kwa kuwa ninafundisha biolojia kidato cha tano na cha sita, nimeona ni haki kuipima bidhaa kwa dai lake yenyewe.

Fungashio halina kasoro. Muhuri ulikuwa mzima, tarehe ya mwisho wa matumizi inasomeka, na kidonge ni kidogo, hakina harufu, na hakikunisumbua tumbo.

Tatizo linaanzia kwenye neno "huamsha", kwa maana seli hizi hazijalala. Ni kati ya asilimia 5 na 15 ya limfositi (aina ya chembe nyeupe) zilizomo katika damu, na Rolf Kiessling na wenzake wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, walipozipa jina mwaka 1975, kilichowashangaza ni kwamba ziliua seli za saratani bila kufundishwa kwanza. Kazi yao ya kila saa ni ukaguzi. Seli yenye afya huonyesha juu ya utando wake protini za HLA, mfano wa kitambulisho, na vipokezi vya kuzuia vya seli ya NK vikikiona huiamuru ipite. Saitomegalovirusi, kirusi cha jamii ya hepesi, kwa kutaka kujificha mbele ya seli T, askari wengine wa kinga ambao hutambua vipande vya virusi vilivyobebwa na HLA, huziondoa protini hizo juu ya seli iliyoivamia; kwa kufanya hivyo hukwepa askari mmoja na kujianika mbele ya mwingine, kwa kuwa asiye na kitambulisho ndiye anayetafutwa na NK. Wazo hilo ni la mtafiti Klas Kärre, ambaye pamoja na wenzake walilithibitisha kwa majaribio mwaka 1986.

Hata hivyo, kukosa kitambulisho peke yake hakutoshi. Chembe nyekundu za damu karibu hazina HLA kabisa na bado haziuawi, kwa sababu hazina alama za kuchochea. Seli iliyo katika dhiki huweka nje protini kama MICA na MICB, ambazo hushikwa na kipokezi cha NKG2D, na uamuzi hutokana na mizani ya ishara zote mbili. Virusi navyo vinaujua mchezo huo: saitomegalovirusi huifungia MICB ndani ya seli kwa protini yake ya UL16, na hutengeneza nyingine, UL18, inayofanana na HLA, kama mtu anayetembea na kitambulisho cha kughushi.

Mizani ikielemea upande wa kuua, seli ya NK humwaga perforini, protini inayotoboa utando, na granzaimu, vimeng'enya vinavyopenya ndani, na seli iliyoambukizwa hujimaliza yenyewe. Papo hapo NK hutoa intaferoni gama, protini ya kupeleka ishara, inayowachochea walinzi wengine. Kinachozipa nguvu zaidi ni intaferoni na saitokini (protini za kupashana ishara kati ya seli) kama IL-12 na IL-15 zitokazo kwenye maambukizi yenyewe, katika siku za mwanzo kabla seli T hazijaongezeka vya kutosha. Kidonge ambacho kweli kingeondoa breki ya vile vipokezi vya kuzuia mwili mzima kingenitia hofu kuliko mafua.

Lebo haikukosea kusema seli hizi ni muhimu. Mwaka 1989 iliripotiwa habari ya msichana aliyezikosa, ambaye alishambuliwa vikali na virusi vya jamii ya hepesi, kikiwemo cha tetekuwanga. Lakini mafua yangu kwa kawaida huletwa na rinovirusi, na lebo huzungumzia "virusi" kana kwamba vyote ni kitu kimoja. Kijitabu kilichomo ndani kinadai seli "huongezeka", bila kueleza zilihesabiwa lini wala kama uwezo wao wa kuua ulipimwa. Mazoezi makali ya dakika chache nayo huziongeza katika damu, kisha hupungua ndani ya saa chache.

Katika siku zile 30 sikupata mafua. Mwenzangu tunayeketi naye meza moja katika ofisi ya walimu hakuyapata pia, na yeye hakumeza chochote.

Natoa nyota 2 kati ya 5. Moja ni ya fungashio. Ya pili ni ya dada wa dukani, ambaye nilipomrudia na kijitabu mkononi alikiri kwamba hajui maneno yale yametoka wapi, kisha akanionyesha zinki ya kawaida kwenye rafu ya chini, shilingi 9,000.