Silikoni au perovskaiti: ipi ikae juu ya bati Tukuyu?

Paneli ya sola iliyo juu ya bati letu hapa Tukuyu ni ya silikoni. Asubuhi ukungu wa Rungwe huilowesha mpaka matone yanachuruzika kwenye fremu, na jua likichomoza inachaji betri kama kawaida. Hapo ndipo ninapoiheshimu silikoni. Seli yake ya sola ilianzia kwenye maabara za Bell Labs, Marekani, mwaka 1954, na leo watengenezaji wengi hutoa dhamana ya miaka 25. Hata baridi yetu huisaidia, maana paneli ikipata joto hupungukiwa nguvu.

Kasoro yake iko kiwandani: silikoni huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,414, kwa hiyo nishati nyingi huliwa kabla paneli haijawasha taa hata moja.

Perovskaiti, aina ya fuwele inayogeuza mwanga wa jua kuwa umeme, ni habari nyingine kabisa. Huchanganywa kimiminika, hupakwa kwenye kioo kama rangi, kisha hukaushwa kwa joto la nyuzi 100 hivi. Utando wake haufiki hata mikromita moja, yaani sehemu ya elfu ya milimita. Mwaka 2009 Tsutomu Miyasaka na wenzake, Japani, walipata ufanisi wa asilimia 3.8, yaani sehemu ya mwanga inayogeuka umeme. Sasa maabara zimevuka 26! Lakini unyevu huiharibu, na mvua za huku mnazijua. Tena nyingi zina madini ya risasi, na mimi sitaki sumu hiyo ichuruzike kwenye migomba na chai.

Fundi wa Mbeya au Iringa akiniuliza leo, namwambia afunge silikoni. Ninayoisubiri kwa hamu ni ile ya kuzipandanisha: perovskaiti juu inase mwanga wa bluu, silikoni chini inase mwekundu.